Simu ya upepo, mabati ya Singida na saa iliyogoma

Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu tangu Uingereza iingie vitani na Ujerumani, manowari ya Kiingereza iitwayo HMS Astraea ilitokea mbele ya bandari ya Dar es Salaam na kuanza kufyatua mizinga. Shabaha yake kubwa haikuwa kambi ya askari wala maghala ya bandarini. Ilikuwa mnara wa redio. Mnara ule haukuiona siku iliyofuata, na koloni la Mjerumani likapoteza mdomo wake mkubwa wa kusemea na ng'ambo.

Wazee wetu walikiita chombo kile simu ya upepo. Mimi nalipenda jina hilo kuliko mengi tuliyotunga baadaye. Wenzetu wa Kenya wakisema tarakilishi, sisi tukang'ang'ania kompyuta, na hii Wi-Fi hakuna hata mmoja aliyepata jina lake la Kiswahili likakaa midomoni mwa watu. Simu ya upepo lilikaa, kwa sababu lilieleza kile mtu alichokiona: habari imefika na waya haupo.

Najua nimeanzia mbali. Mada yangu leo ni mtandao wa nyumbani unaogoma, hapa hapa Singida mjini, ile hali ya kompyuta kukuonyesha mawimbi yamejaa halafu hakuna ukurasa unaofunguka. Nimeanzia 1914 kwa makusudi. Watu wengi ninaowaona wakihangaika na tatizo hili wanaamini mtandao wa hewani ni kitu kimoja, ama upo ama haupo. Ukifuata historia yake unakuta ni safari mbili zilizofungwa pamoja, zilizobuniwa na watu tofauti, miaka tofauti, kwa shida tofauti. Moja inatoka nyumbani kwako kwenda duniani. Nyingine ni fupi, mita kumi au kumi na tano, kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Asiyezitenganisha atalipa fundi bure. Na Singida watu wanalipa bure kweli kweli, nimeshuhudia kwa macho yangu.

Haya, tuanze na ile ndefu.

Katika mkoa wetu habari za mbali zilianza kuja kwa waya. Mwanzoni mwa karne ya 20 waya wa simu wa Mjerumani uliotoka Dar es Salaam ulipita Kilosa, Mpwapwa na Kilimatinde kwenda Tabora. Kilimatinde, ambayo leo ukiitaja Dar es Salaam watu wanakuuliza iko wapi, ilikuwa kituo cha serikali kabla reli haijafika na kuipa Manyoni umuhimu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo habari kutoka pwani ilipita kusini mwa mkoa ikielekea magharibi, na aliyekaa Kiomboi au Mkalama alingoja mtu wa miguu. Kumbuka ramani hiyo, maana imeturudia mara nyingi.

Mkoa mzima kusikia sauti moja kwa wakati mmoja ni jambo la redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, baadaye likaja Shirika la Utangazaji Tanganyika, na 1965 tukapata Redio Tanzania Dar es Salaam ambayo wazazi wetu bado wanaisimulia kana kwamba ni ndugu aliyefariki. Redio ya mkulima ilikuwa ya kupokea tu. Ulimsikia msemaji wa Dar, yeye hakukusikia. Hata hivyo ilitufundisha kitu ambacho kinafaa mpaka leo: kwamba ukisogeza redio hatua mbili, au ukigeuza eriali, sauti inabadilika. Bibi yangu alijua redio yake inasikika vizuri dirishani kuliko juu ya kabati. Hakuna aliyemweleza habari za mawimbi. Alijaribu.

Kompyuta nayo ilikuwa na kisa chake. Serikali ya Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, haikuchukua muda Hazina ikapata kompyuta, mwaka 1965. Ilikuwa ya kwanza nchini. Lakini mwaka 1974 serikali ikatoa amri ya kupiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mradi wa kuhamishia mahesabu ya serikali kwenye mashine ulikuwa umeleta hasara na vurugu ya vitabu. Watu wanapenda kuicheka amri ile. Mimi siicheki sana, kwa sababu aliyewahi kununua mashine ya bei mbaya asiyejua kuitengeneza anajua machungu yake. Ila gharama ya amri tumeilipa kwa namna nyingine: marufuku ilipolegezwa, miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, tulikuwa tumekosa kizazi kizima cha watu waliokua wakifungua kasha la kompyuta na kuchungulia ndani. Tutalikuta pengo hilo mbele, sebuleni kwa jirani yangu.

Mtandao wa intaneti uliingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990, na kwa miaka zaidi ya kumi njia kuu ya kutoka nje ya nchi ilikuwa satelaiti. Tafakari safari yenyewe. Satelaiti zile huelea takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali lako lilipanda kilomita 36,000, likashuka 36,000 hadi Ulaya au Marekani, na jibu likapanda na kushuka tena. Hata likienda kwa kasi ya mwanga, mzunguko huo unakula karibu nusu sekunde kabla mtu yeyote hajafanya kazi yoyote. Ndiyo maana kwenye zile kafe za intaneti za miaka ya 2000 ulibofya, ukangoja, ukazungumza na jirani, ukarudi. Na ulilipia dakika zote za kungoja.

Wakati huo huo simu za mkononi zilikuwa zinajenga njia nyingine. Kampuni ya kwanza, Mobitel, ilianza 1994, na baada ya mwaka 2000 ushindani ukapamba moto. Singida minara ilipochelewa, watu walitumia mawe. Mgeni akifika mjini kwetu kitu cha kwanza anachokiona, kabla ya maziwa ya Singidani na Kindai, ni yale mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kama yamepangwa na mtoto. Miaka ile kila kijiji kilikuwa na jiwe lake la mtandao. Mtu alipanda juu akiwa ameinua simu, akapiga, akashuka na habari ya msiba au ya bei ya alizeti. Kitaalamu alikuwa anafanya jambo sahihi kabisa. Mwamba unazuia mawimbi, kwa hiyo nyuma ya mwamba kuna kivuli cha mawimbi kama kilivyo kivuli cha jua. Juu ya mwamba hakuna kivuli.

Halafu ukaja mwaka 2009. Mwezi Julai mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa na Dar es Salaam ikaunganishwa na dunia kwa nyuzi za kioo. EASSy ukafuata 2010. Mwaka huo huo wa 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao baadaye ulikabidhiwa TTCL kuuendesha. Mkongo ule ulipoingia bara, Singida haikuachwa pembeni kama enzi za waya wa Mjerumani. Safari hii mji wenyewe ulikuwa njiani, ukitoka Dodoma kuelekea kaskazini. Sehemu nyingine za mkongo hazikuhitaji hata mtaro, zilipita juu ya nguzo za TANESCO, ndani ya ule waya wa juu kabisa unaokinga radi. Ukisafiri kwa basi kutoka Dodoma, tazama juu kwenye nguzo kubwa za umeme. Hutauona uzi wenyewe, lakini zingatia kwamba waya mwembamba wa juu unaweza kuwa umebeba picha, mahubiri, mapenzi na mikopo ya nusu ya Kanda ya Kati.

Lakini mkongo unapita mjini. Kutoka mjini hadi Ikungi vijijini, hadi Mkalama, kazi bado ni ya minara, na kwa sehemu ambazo kampuni haziioni faida kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, unaotoa ruzuku mnara ujengwe. Kwa hiyo nyumba nyingi za Singida zenye "Wi-Fi" leo hazina uzi wa kioo mlangoni. Zina kisanduku chenye laini ya simu ndani yake. Kisanduku hicho kwa upande mmoja kinazungumza na mnara, kwa upande mwingine kinazungumza na kompyuta yako. Hapo ndipo zile safari mbili zinapokutana.

Sasa ile fupi.

Safari fupi ilizaliwa visiwani. Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na matawi yake katika visiwa mbalimbali na kompyuta moja kubwa Honolulu. Kutandika waya baharini ni ghali, kwa hiyo mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wakaanza kutumia redio, wakauita mfumo wao ALOHAnet. Tatizo lao lilikuwa la adabu zaidi kuliko la umeme: vituo vyote vinatumia wimbi moja, je, nani aongee lini? Jibu lao lilikuwa rahisi. Ukitaka kusema, sema. Usipojibiwa, ujue sauti yako imegongana na ya mwingine. Ngoja muda wa kubahatisha, kisha sema tena. Wi-Fi ya sebuleni kwako imerithi tabia hiyo, ila imeongezewa ustaarabu kidogo: husikiliza kwanza kama kuna anayeongea. Ni kikao kisicho na mwenyekiti. Wakiwa watano kinakwenda vizuri. Wakiwa hamsini, kila mtu anakatizwa na kuanza upya, na wewe unasema "mtandao uko slo".

Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilifungua bendi tatu za redio zitumiwe kwa mawasiliano bila leseni. Zilikuwa bendi ambazo hakuna aliyezitaka, kwa sababu zilikuwa zimetengewa mitambo ya viwandani na ya hospitali, na moja yao, ya gigahezi 2.4, ni ile ile ya oveni za maikrowevu. Yaani tulipewa chumba jirani na jiko. Kiwango cha kwanza kilichoandikwa rasmi kilitoka 1997, cha pili kilichopendwa zaidi kikatoka 1999, na mwaka huo huo kampuni moja ya kubuni majina ikatunga jina Wi-Fi. Msitafute kirefu chake. Halina.

Kati ya hapo kuna Mwaustralia mmoja ninayemheshimu sana, John O'Sullivan. Yeye alikuwa mtaalamu wa redio za kusikiliza nyota, na miaka ya nyuma alikuwa amehangaika kutafuta mlio mfupi kutoka kwenye mashimo meusi angani. Hakuupata. Lakini hesabu alizozoea za kuondoa ukungu kwenye ishara za angani zikamsaidia, miaka ya 1990 akiwa na wenzake wa shirika la utafiti la CSIRO, kutatua tatizo lililokuwa likiua mtandao wa ndani ya nyumba: mwangwi. Wimbi likitoka kwenye kifaa haliendi njia moja. Linagonga ukuta, kabati, sakafu, na kila nakala inafika kwa kuchelewa kidogo kuliko nyingine. Kompyuta inasikia neno moja mara tano, kila mara juu ya neno linalofuata. Njia yao ilikuwa kuikata habari vipande vingi na kuituma polepole kwenye njia nyingi ndogo kwa pamoja, mwangwi ukapoteza makali.

Namheshimu kwa sababu nyumba zetu ni mabati. Bati halipitishi wimbi, linalirudisha. Ukikaa chini ya paa la bati, na mlango wa chuma, na dirisha lenye nondo, uko ndani ya debe, na mawimbi yanarukaruka humo kama punje za mahindi kwenye kikaango. Tembe la zamani la udongo lina shida tofauti. Kuta zake nene na paa lake la udongo hazirudishi sana, zinameza, na zikilowa mvua zinameza zaidi kwa sababu maji hunyonya mawimbi hayo. Hapa ndipo palipo na ushauri wa kwanza ambao sijausikia fundi yeyote akiutoa. Ruta yenye laini ina mabwana wawili. Kwa ajili ya mnara inataka kukaa dirishani, upande ule mnara ulipo, kama redio ya bibi yangu. Kwa ajili ya kompyuta inataka kukaa katikati ya nyumba. Wengi wanaiweka nyuma ya televisheni, pale pazuri kwa mapambo, ambapo haimtumikii bwana yeyote. Mpe kwanza mnara. Safari ndefu ndiyo ngumu. Mita kumi za ndani zitajitafutia njia.

Na vile vijistari vya mawimbi kwenye kona ya kompyuta? Vinapima safari fupi peke yake. Vikijaa vinakwambia kompyuta inaisikia ruta vizuri, basi. Havijui kama mnara umezimika, kama bando limekwisha, kama mkongo umekatika baharini. Ukiwa na ruta isiyo na laini kabisa ndani yake, vijistari vitajaa vile vile.

Nilisema nimeshuhudia watu wakilipa bure. Jirani yangu mmoja ni mama anayeuza mafuta ya alizeti, na binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita. Ulikuwa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo siku hizi hujazwa mtandaoni, na zilibaki siku mbili dirisha lifungwe. Walikuwa na kompyuta ya mezani iliyonunuliwa mtumba, na ruta ya laini. Nyaraka zote za binti zilikuwa zimeskaniwa humo. Vijistari vimejaa. Tovuti ya maombi haifunguki, wala barua pepe, wala chochote cha maana. Kivinjari kilikuwa kinaandika onyo refu la Kiingereza kuhusu usalama.

Nikabisha hodi jioni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila umetukuta na msiba wa mashine."

Walikwisha nunua bando mara mbili, wakidhani la kwanza limeliwa. Walimwita fundi mmoja wa mjini, akasoma lile neno usalama, akasema ni virusi, akaipiga Windows upya na kuchukua pesa yake. Tatizo likabaki pale pale. Binti alikwenda steshenari mara mbili. Ya kwanza foleni ilimshinda, ya pili umeme ulikatika akiwa katikati ya fomu. Mkopo ule kwake ulikuwa ndiyo chuo chenyewe. Mafuta ya alizeti hayalipi ada.

Nilitoa simu yangu nikaunganisha kwenye Wi-Fi yao, nikazima data yangu. Kurasa zikafunguka. Jaribio hilo la dakika moja linafuta nusu ya washukiwa: mnara mzima, bando lipo, ruta nzima. Kosa liko kwenye kompyuta, na pengine wala si kosa la mtandao.

"Mdogo wangu, hebu niambie, saa ya kompyuta inasema ni tarehe ngapi?"

Akasogea, akasoma. "Kaka, inasema tarehe mosi Januari, 2009."

Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, kama sarafu, inayoitwa CR2032. Kazi yake ni kuiwezesha saa iendelee kutembea umeme ukiwa umezimwa. Ikifa, mashine ikizimwa inasahau siku, na ikiwashwa inarudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Umeme ukikatika mara kwa mara, kompyuta inazaliwa upya mara kwa mara. Kupiga Windows hakuligusi tatizo hilo, sawa na kupaka nyumba rangi kwa sababu saa ya ukutani imesimama.

Na kwa nini saa izuie tovuti? Kila tovuti inayoanza na https hubeba hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini ni 2009 inaiona hati iliyotolewa miezi miwili iliyopita kuwa imetoka wakati ujao. Inakataa, na ina haki ya kukataa, maana hivyo ndivyo matapeli hufanya. Mbinu hiyo ilitoka kwa kampuni ya Netscape miaka ya 1994 na 1995. Kwa muda mrefu ilitumiwa na mabenki na maduka tu. Mwaka 2009 wenyewe, betri ile ingekufa, ungefungua magazeti na tovuti nyingi bila kugundua lolote. Mabadiliko yalikuja baadaye: mwishoni mwa 2015 shirika la Let's Encrypt lilianza kutoa hati hizo bure kwa yeyote, na mwaka 2018 kivinjari cha Chrome kikaanza kuziandika tovuti zisizo na hati kuwa si salama. Ndani ya miaka michache karibu kila ukurasa ukawa unaomba tarehe. Fundi aliyejifunza kazi mwaka 2008 alijifunza dunia ambayo saa haikuwa na uhusiano na mtandao. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kuchukua pesa bila kujaribu.

Tulirekebisha tarehe kwa mkono, ukurasa ukafunguka hapo hapo, na mama akapiga kigelegele kifupi kisha akajizuia. Nikawaambia wasizime mashine mpaka fomu iishe. Kesho yake asubuhi tulinunua betri dukani, bei yake haifiki ya sahani ya wali maharage. Binti alikuwa ameshatuma maombi saa nne usiku.

Si kila mara mshukiwa ni saa. Siku nyingine kompyuta inaunganishwa na ruta lakini haipewi anwani. Utaijua kwa sababu inajipa yenyewe inayoanza na 169.254, ikimaanisha iliomba namba ikanyimwa, na hapo kuzima ruta na kuiwasha kwa kawaida kunatosha. Siku nyingine kosa liko kwenye daftari la majina, ule mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 ili tusikariri namba za tovuti. WhatsApp inafanya kazi, kurasa hazifunguki. Ukiandika 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya DNS, mara nyingi mambo yanakaa sawa. Ukiona bando linayeyuka usiku, badilisha nenosiri, na kama ruta ni kuukuu hakikisha haitumii kinga ya WEP. Ilivunjwa hadharani tangu 2001 na kijana yeyote mwenye simu na subira ataipita. Mambo ya chaneli kugongana na za majirani waachieni Kariakoo. Kwetu nyumba zina nafasi.

Lakini kuna siku ambapo majaribio yote ya nyumbani yanapaswa kuishia mlangoni. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mtaani kwetu niliona watu wakizima na kuwasha ruta siku nzima, wengine wakinunua bando jipya, wengine wakipanda na kifaa juu ya meza. Simu za kawaida zilikuwa zinapiga. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili: mnara upo hai, mwamba haujasogea, mkongo wa nchi kavu mzima, kilichokufa kiko chini ya maji umbali wa siku nyingi za meli.

Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Nilikuwa na habari mbili zilizokwisha andikwa na picha zake. Nilifanya majaribio yangu kwa mpangilio ule ule, kwa mazoea tu. Tarehe ya kompyuta ilikuwa sahihi. Anwani ilikuwa imetolewa. Ruta ilijibu nilipoiita, dirishani pake, na vijistari vilikuwa vimejaa vyote. Nikazihifadhi habari zangu kwenye diski, nikaandika juu yake tarehe kwa kalamu, nikaenda kusikiliza redio kwa jirani.